Majani kwa Gesi, Tope kwa Shamba: Hesabu ya Rutuba ya Udongo Wetu

(Maelezo ya Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya wakaazi wa wadi)



Nimepewa swali moja tu la kujibu leo, lakini ni zito. Tukiotesha mimea ya kufunika ardhi, kisha tukaikata na kuitia katika mtambo wa bayogesi ili tupate moto wa kupikia, je, hatutakuwa tumeuibia udongo chakula chake? Upande mmja wapo kina mama waliochoka kutafuta kuni. Upande wa pili wapo wakulima wanaoona mavuno yakipungua mwaka hadi mwaka, wasiotaka hata jani moja litoke shambani. Wote wana haki. Mimi si mtaalamu wa udongo. Kazi yangu ni kuyakusanya yanayojulikana na kuyafikisha kwenu bila ya kuyapamba. Wala sikuja na ahadi ya ruzuku au mtambo wa bure. Nimekuja na hesabu, kwani wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na udongo wenyewe. Kisiwa cha Pemba kina ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi kuna vilima vya mikarafuu vyenye udongo wa kina, na kati yake mabonde ya mpunga. Upande wa mashariki, ukielekea Micheweni na Kiuyu, jiwe la matumbawe limejitokeza juu, na udongo ni mdogo uliojificha katika mianya ya mawe. Pande zote mbili zina hali moja: joto na unyevu huozesha mabaki ya mimea kwa haraka sana. Ardhi ikiachwa tupu baada ya mavuno, jua huichoma, na mvua za masika zikija huteremka na tabaka la juu, lenye rutuba.

Rutuba hiyo kwa sehemu kubwa imejengwa na kaboni. Mmea huvuta hewa ukaa kutoka angani, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa majani, shina na mizizi. Mmea ukifa, vijidudu vya udongo huula. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi angani, na sehemu ndogo hubaki ardhini kama mboji. Mboji ndiyo inayoshika maji siku za kiangazi, ndiyo inayozuia mbolea isioshwe, na ndiyo inayoufanya udongo ushikamane. Shamba lisilo na mboji ni kama kapu lililotoboka: hata ukilitilia mbolea ya dukani, mvua inaondoka nayo.

Mimea ya kufunika ardhi ni ile inayopandwa kati ya msimu na msimu, au chini ya mazao makubwa, ili ardhi isikae tupu. Si jambo geni kwetu. Kunde, choroko, fiwi na mbaazi tunazijua tangu utoto. Nazo, kwa kuwa ni jamii ya kunde, hushirikiana na bakteria wa mizizini na kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Upo pia upupu wa kupandwa, usiowasha kama ule wa porini. Huko mkoani Ruvuma, Wabenediktini wa Peramiho waliieneza kwa wakulima mimea iitwayo marejea, na jina hilo lenyewe linatukumbusha rutuba inayorejea shambani.

Sasa tuje kwenye gesi. Ndani ya mtambo, mahali pasipopita hewa, bakteria huoza kinyesi na majani na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, yaani ile inayowaka. Teknolojia hii si ya majaribio Tanzania. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimeijenga na kuifundisha kwa miaka mingi, na mwaka 2009 ulianza mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yametumika kuzalisha gesi na umeme; kwa hiyo mimea nayo, si kinyesi pekee, yaweza kulisha mtambo.

Kwa makisio ya kawaida, kilo 25 hadi 30 za kinyesi cha ng'ombe, zikichanganywa na maji ya kiasi hicho hicho, hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku. Hiyo hutosha kuwasha jiko moja kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Kilo ya majani mabichi laini huweza kutoa gesi nyingi kuliko kilo ya kinyesi, kwa sababu ng'ombe ameshakula sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwamo katika malisho yake. Ndipo mwenye ng'ombe mmoja au wawili, ambaye kinyesi hakimtoshelezi, anapoweza kujazia kwa majani.

Narudi kwenye swali letu. Majani yakienda mtamboni, udongo unapoteza nini? Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kulinganisha njia hizi: majani kutiwa udongoni moja kwa moja, majani kupitishwa kwanza katika mtambo wa gesi, na majani kuliwa kwanza na ng'ombe. Waliona kwamba, mwisho wa safari, kaboni iliyosalia udongoni ilikaribiana kwa njia zote, kiasi cha asilimia 12 hadi 14 ya ile iliyokuwamo katika majani tangu mwanzo.

Sababu yake inafahamika. Kile ambacho bakteria wa mtambo hukila haraka, ndicho hicho hicho ambacho vijidudu vya shambani vingekila haraka na kukirudisha angani. Ile sehemu ngumu, yenye lignini, haiozi upesi mtamboni wala shambani. Hutoka pamoja na tope, nayo ndiyo inayojenga mboji. Kwa maneno mengine, gesi tunayopikia imetoka katika ile kaboni ambayo udongo ungeipoteza vyovyote vile. Nakumbusha kwamba Denmark ni nchi ya baridi, na kwetu kuoza ni kwa haraka zaidi. Kanuni ni ile ile, lakini asilimia hizo tusizibebe kama zilivyo.

Hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, nami naomba kila mmoja aondoke nalo: tope lazima lirudi katika shamba lile lile lililotoa majani. Chukueni mfano wa kilo 100 za kaboni katika majani. Tope likirudi, mwisho shamba limebakiwa na kilo kumi na kitu. Tope likimwagwa mtaroni, likauzwa, au likaishia lote kwenye bustani ya nyuma ya nyumba, shamba la mbali halipati kitu katika majani hayo. Limebakiwa na mizizi tu. Hapo yule mkulima mwenye wasiwasi atakuwa amesema kweli, na sisi tutakuwa tumepika kwa mtaji wa wanetu.

Yapo na masharti mengine. Kwanza, mmea ukatwe, using'olewe. Mizizi na visiki vibaki ardhini, kwani mizizi hujenga mboji vizuri kuliko majani. Pili, majani yakatwe madogo madogo na yachanganywe na kinyesi, kwa kuanza na kiasi kidogo. Majani marefu huelea, hufanya utando mgumu juu na kuziba mtambo. Tatu, mtambo usivuje. Methani ikitoroka bila kuwaka hupasha joto la dunia takriban mara 28 kuliko hewa ukaa, kwa kipimo cha miaka 100. Mtambo unaovuja unaweza kufuta faida yote. Nne, tope litumike jioni na lifunikwe kwa udongo, maana naitrojeni yake hupotea hewani likiachwa juani.

La tano ni la mpangilio. Huko Italia na Ufaransa, wapo wakulima wanaootesha mimea ya gesi kati ya mazao mawili ya chakula, si badala ya chakula. Sisi tunaoagiza mchele kutoka nje hatuna ruhusa ya kufanya kinyume. Bonde likishavunwa mpunga na bado lina unyevu, hapo pana nafasi. Kunde na choroko zikizaa, punje ni za chungu kwanza, malisho ya mnyama yafuate, kinachobaki ndicho cha mtambo.

Na asiye na ng'ombe wala mtambo? Jibu lake ni jepesi: aoteshe mimea hiyo hiyo, aikate na kuilaza pale pale ardhini. Hatapata gesi, lakini shamba lake litafunikwa, na mboji itajengeka kidogo kidogo. Kilicho muhimu mwanzo ni ardhi isikae tupu. Mtambo ni wa pili.

Ndugu zangu, tukipata moto bila ya kuni, tumeipunguzia mikoko na misitu yetu mzigo, na tumewapunguzia kina mama safari. Lakini moto huo tumekopa shambani, na deni hulipwa kwa ndoo ya tope. Kabla ya kuanza, kaeni na bwana shamba au bibi shamba wa shehia yenu, pimeni shamba, hesabuni mifugo na maji mliyonayo, na muamue mapema ni nani katika nyumba atakayelibeba tope kulirudisha shambani. Nyumba isiyo na jibu la swali hilo la mwisho, nashauri isijenge mtambo wa majani bado.