Tuba Hukunjwa Upya Namna Gani?

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: lehemu, vali, kunja. Aliye nyuma na asogee karibu na redio. Leo nitapuliza mpira wa maji, na sauti yake si kubwa sana.

Tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi, linalonguruma chini kabisa. Wengi wenu mmeiona katika bendi ya polisi au ya jeshi. Tuba ya kwanza iliandikishwa serikalini mjini Berlin tarehe 12 Septemba 1835, na watu wawili: Wilhelm Wieprecht, mtu wa bendi za jeshi, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa kutengeneza ala za muziki. Tangu siku zile watu hawakuchoka kuikunja na kuikunjua. Wengine huifanya duara kama mkate, wengine huifanya nyembamba ipate kuingia katika sanduku la safari. Nayo hulia vile vile. Kwa nini?

Kwanza tujue urefu. Tuba kubwa inayotumika katika bendi nyingi ina bomba la futi 18 hivi, yaani mita 5 na nusu, bila kuhesabu mabomba madogo ya vali. Likinyoshwa, halitaingia katika chumba hicho mlimokaa. Hapana budi likunjwe. Swali ni moja tu: likunjwe namna gani?

Sasa sikilizeni. Nina mpira wa kumwagilia bustani, urefu wake mita 2. Upande mmoja nimechomeka faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Upande wa pili naweka midomo, naibana, naitetemesha kama mtoto anayeigiza motokaa.

(Sauti ya mpira.)

Vema. Sasa naukunja kama chatu aliyeshiba.

(Sauti ya mpira.)

Je, mmesikia tofauti? Sauti ni ile ile. Sasa nachukua kisu, nakata nusu mita.

(Sauti ya mpira.)

Ahaa! Imepanda. Basi somo letu karibu lote limo humo. Kinacholia ndani ya tuba ni hewa iliyomo ndani ya bomba, inayotetemeka. Hewa haijali sana kona, mradi kona haikubanwa wala kuvunjika. Lakini inajali sana urefu wa njia yake, na jinsi njia inavyopanuka kidogo kidogo kutoka mdomoni mwa mpigaji mpaka kwenye mdomo mpana wa tuba. Wazee wetu walipuliza baragumu la pembe ya tandala, pembe ambayo imejisokota yenyewe porini, na mlio ulifika kijiji cha pili.

Watu waliobadili umbo la tuba walikuwa na haja zao. Huko Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865, bendi nyingi zilikuwa na matarumbeta ambayo mdomo wake mpana ulipita juu ya bega ukaelekea nyuma. Maana bendi ilitangulia, askari walifuata, na sauti iliwafuata askari. Ulaya nako, katika miaka ya 1840, mafundi walitengeneza helikoni, tuba ya mviringo inayovaliwa. Unaingiza kichwa na mkono ndani ya duara, uzito unakaa begani, nawe unaweza kutembea, hata kupanda farasi.

Halafu akaja John Philip Sousa, aliyeongoza bendi ya Wanamaji wa Marekani tangu 1880 mpaka 1892. Hakupendezwa na sauti ya helikoni, ilivyotoka kwa ukali upande wa mbele. Alitaka mdomo ugeuzwe uelekee juu, ili sauti itawanyike juu ya bendi nzima. Mwaka 1893 kiwanda cha J. W. Pepper, mjini Philadelphia, kilitengeneza moja ya namna hiyo, ikaitwa sosafoni kwa jina lake Sousa. Mwaka 1898 kiwanda cha Conn nacho kikatengeneza ya kwake. Watu waliziita kwa mzaha vikinga mvua, na kweli, mpigaji wa sosafoni ile akinyeshewa atajaa maji kama pipa. Baadaye mdomo ukageuzwa mbele, na hivyo ndivyo tunavyoziona mpaka leo. Mimi naona Sousa alikuwa na haki, lakini hakuna aliyeniuliza.

Twende sasa kwa fundi. Siku hizi wako mafundi wanaochukua sosafoni kuukuu, wakaifumua yote, wakaiunga upya iwe tuba ya kupakatwa kitini. Wengine hufanya kinyume chake, kwa ajili ya mpigaji ambaye mgongo wake hauwezi tena. Kazi hii haianzi na moto, huanza na uzi. Fundi anapitisha uzi kwa kila kipande, anaupima, anaandika: kipande cha kwanza, urefu kadha, upana wake mwanzoni kadha, mwishoni kadha. Ninyi mnaojifunza kuandika tarakimu, angalieni hapo. Bomba la tuba hupanuka njiani, kwa hiyo kipande cha 8 hakiwezi kukaa mahali pa kipande cha 5, hata kama umbo lingependeza.

Kisha anamketisha mpigaji, anatazama vidole vyake vinaangukia wapi. Hapo ndipo vali zitakapokaa. Vali ni mlango wa hewa. Ukiubonyeza, hewa inapelekwa kuzunguka katika bomba la ziada, njia inakuwa ndefu, sauti inashuka. Katika tuba hiyo ya futi 18, vali ya pili huongeza sentimita 33 hivi, na vali ya kwanza 67 hivi. Mabomba mengine yote lazima yatafute njia ya kuzizunguka vali, si vali kuyafuata mabomba.

Ndipo moto. Viungo vya tuba vimeshikwa kwa lehemu, yaani bati na risasi zilizoyeyushwa pamoja. Lehemu nyingi huyeyuka kabla ya kufika digrii 300, lakini shaba ya njano yenyewe huvumilia mpaka kama digrii 900. Kwa hiyo kiungo hufunguka, bomba likabaki zima. Angalieni lakini: risasi ni sumu. Kazi hii hufanywa penye upepo, na mikono huoshwa kabla ya kushika chakula.

Bomba likitakiwa kukunjwa upya, huchomwa mpaka liwe jekundu kidogo, ndipo shaba inalainika. Hujazwa lami ndani, ikaachwa igande, kisha likapindwa pole pole juu ya kigogo kilichochongwa. Bila lami litavunjika kama utete. Likiisha kupindwa, lami huyeyushwa ikamwagwa, mikunjo ikalainishwa kwa nyundo ndogo, na tufe la chuma likasukumwa ndani ili bomba liwe la mviringo sawasawa. Mwisho hutafutwa mivujo. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya noti ikohoe.

Sasa niwasimulie la kwangu. Nilipokuwa kijana nilipiga tuba katika bendi ya mji wetu. Usiku mmoja tukitoka harusini, lori lilirushwa na shimo, tuba ikaanguka, na gurudumu la nyuma likapita juu ya pindo lake la chini. Fedha za kununua nyingine hatukuwa nazo, na harusi ya pili ilikuwa baada ya siku 12. Malipo ya mwanzo tulikwisha kuyala. Tukampelekea mzee mmoja, fundi bati hodari wa koroboi na ndoo. Akakata sehemu iliyopondwa, akaunganisha ncha mbili, akatia lehemu safi kabisa. Ilipendeza.

Nikapuliza mazoezini. Kila noti ilipanda, karibu nusu toni. Wenzangu wakanigeukia. Kiongozi akaniuliza kama nimelewa. Nikavuta bomba la kurekebishia sauti mpaka mwisho wake, haikutosha.

Nikarudi kwa mzee. Akanyamaza, kisha akaniuliza, “Mwanangu, kile kipande nilikitupa wapi?” Tukakitafuta katika takataka za bati, tukakipata, tukakinyosha, tukapima: sentimita 23. Kurudishwa hakikuweza, kilikuwa kimepasuka. Tena pindo lilikwisha kufupishwa, nafasi haikuwapo. Akachukua bomba la shaba la upana ule ule kutoka ala iliyokufa zamani, akalijaza lami, akalipinda kama kibyongo, akalichomeza ubavuni. Urefu ukarudi, sauti ikarudi. Umbo halikurudi. Kibyongo kile kilinisugua paja la kushoto kwa miaka mingi na kunimalizia suruali, lakini harusini tulipiga.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ni vema kukata tuba, mimi huuliza kwanza: ni nzima au imekufa? Nzima na ya zamani iachwe. Ya zamani iliyo kamili hutufundisha jinsi mafundi wa kale walivyofanya kazi, na shaba ikikatwa haioti tena. Iliyopondwa, hiyo mpelekee fundi, ila umpe na uzi wa kupimia.

Kazi ya wiki hii. Kila darasa litafute mpira wa maji na faneli. Pulizeni, kunjeni, pulizeni tena. Halafu kateni sentimita 10 kwa mara moja, na kila mara mwanafunzi mwingine aandike ubaoni urefu uliobaki na kama sauti imepanda au la. Mpira uwe mkuukuu, na mwenye nao awe ametoa ruhusa. Kwaherini.