Je, Joto Litatumaliza?

Ndugu wanachama, mama mmoja hapa Keroka ametuuliza: eti joto la dunia litamaliza binadamu wote? Wanasayansi walio wengi hawasemi hivyo, ingawa limeshapanda zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19. Lakini sisi wa vishamba vidogo tutaumia mapema. Miaka ya 1990 malaria ililipuka mara kadhaa katika milima ya Kisii. Wataalamu walibishana kama ni joto au ni dawa iliyoshindwa. Sisi tulikuwa tukizika. Na mvua ikivurugika, tegemeo ni chemchemi, ambazo tumezizungushia mikaratusi inayokunywa maji kupita kiasi! Waziri Michuki aliagiza ing'olewe kando ya mito mwaka 2009. Tumeng'oa mingapi? Kila kikundi kihesabu kabla ya mkutano ujao.