Nani wa Kuililia Alderaan? Wema, uovu na utata wa kimaadili katika Star Wars



Wapenzi wa filamu za Star Wars wana ugomvi wa siku nyingi. Kuna wanaotaka wema uwe wema na uovu uwe uovu, steringi ajulikane tangu anapoingia na adui ajulikane kwa vazi lake. Kuna wanaosema kwamba dunia haiko hivyo, na kwamba kazi iliyokomaa humwacha mtazamaji njia panda. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanamtazama mtu mmoja tu, yaani mtenda. Wanabishana kama ni mwema, mwovu, au yuko katikati. Mimi jioni ya leo nimekuja kumsemea mtendwa. Hoja yangu ni kwamba filamu inayompa aliyedhulumiwa sura, sauti na muda wake inaweza kumchora mtenda kwa utata wowote isitupotoshe. Ikimfuta aliyedhulumiwa, hata mpaka ulio wazi kabisa kati ya wema na uovu huwa ni suala la mavazi.

Filamu ya kwanza ya Star Wars, ya George Lucas, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977, miaka miwili baada ya kuanguka kwa Saigon na chini ya miaka mitatu baada ya Rais Nixon kujiuzulu. Filamu kubwa za Marekani za miaka ile zilikuwa zimejaa shaka: The Godfather, Chinatown, Taxi Driver. Lucas akaja na binti mfalme aliyevaa nyeupe na kamanda aliyefunikwa kofia nyeusi, akichota kutoka Flash Gordon, filamu za mfululizo za miaka ya 1930 alizozipenda tangu utotoni. Watu wakapanga foleni. Wengi wamesema kwamba alikuwa anaikimbia siasa. Sikubali. Huyu ndiye aliyetarajiwa mwanzoni kuiongoza Apocalypse Now, na baadaye alieleza bila kificho kwamba waasi wake aliwachora kwa mfano wa Wavietnam waliopigana na Marekani. Hivyo Mmarekani aliyekaa gizani na kuwashangilia waasi alikuwa akimshangilia aliyekuwa adui yake wa jana, na hakujua. Mpaka ulio wazi ulimpa nafasi ya kukaa upande wa wema bila kujiuliza kama ni wake. Hata tukio la mwisho, mashujaa wakipita katikati ya safu za askari kwenda kuvishwa nishani, wakosoaji wengi wamelilinganisha na filamu ya propaganda ya Kinazi ambayo Leni Riefenstahl aliitoa mwaka 1935. Picha ile ile iliyotukuza uovu ilitosha kutukuza wema, kwa sababu kilichobadilika ni nani amesimama jukwaani.

Sasa tuitazame Alderaan. Gavana Tarkin wa Dola, utawala ambao waasi wanapigana nao, anamlazimisha Princess Leia, yule binti mfalme aliyevaa nyeupe, ataje kambi ya waasi. Leia anataja sayari nyingine, na Tarkin anailipua Alderaan, sayari ya kwao Leia, hata hivyo, mbele ya macho yake. Sayari nzima inatoweka kwa sekunde chache. Obi-Wan, mwalimu wa kijana Luke, akiwa mbali, anahisi vilio vya waliokufa na kuishiwa nguvu kidogo, kisha hadithi inasonga. Baadaye Obi-Wan mwenyewe anauawa, na Luke anakaa akiwa amevunjika moyo. Anayemfuta machozi ni nani? Ni Leia. Anamwekea blanketi mabegani kijana aliyefiwa na mwalimu wa siku chache, yeye aliyepoteza wazazi walezi, jirani, lugha za mitaani kwao, kila kitu. Yeye pole anayopewa baadaye ni ya sentensi moja tu. Kuna uovu ulio wazi kuliko kuilipua sayari? Hakuna. Lakini uwazi huo haukutufundisha kulia. Tumeambiwa tu nani wa kumchukia.

Walio upande wa utata nao wasifurahi mapema. Lucas aliporudi na sehemu mpya kuanzia 1999, alitaka kutuonyesha jinsi mtoto mwema, Anakin, anavyogeuka Darth Vader, kamanda yule wa kofia nyeusi, na hiyo ni kazi ya heshima. Tunamkuta Anakin akiwa mtumwa katika sayari ya Tatooine pamoja na mama yake, Shmi. Qui-Gon, Jedi, anaweka dau katika mashindano ya mbio na kuupata uhuru wa mtoto. Mmiliki anakataa kumhusisha mama. Basi mama anabaki. Miaka kumi inapita, na jumuiya ya Majedi, walinzi wa haki katika Jamhuri nzima, hawarudi kumkomboa. Aliyemnunua na kumwacha huru ni Cliegg Lars, mkulima wa kuvuna maji jangwani. Mimi namwona mkulima huyu kuwa ndiye mtu mwema kuliko wote katika sehemu zile tatu, na filamu inampa dakika chache.

Katika Attack of the Clones, ya 2002, Shmi anatekwa na Watusken, wenyeji wa jangwa hilo, na kufia mikononi mwa mwanawe. Anakin anaiteketeza kambi yao, na anarudi kukiri kwa Padmé, mwanamke anayempenda, kwamba hakuua wanaume peke yao, ameua wanawake na watoto pia. Padmé anambembeleza. Kabla filamu haijaisha wamefunga ndoa. Watusken hawana jina hata moja katika filamu ile, hawana mzee wala mjane wa kutueleza siku iliyofuata ilikuwaje. Tunaambiwa kwamba huu ndio utata, kijana aliyeumizwa akaumiza. Nakubali kwamba uchungu wake ni wa kweli. Lakini uchungu wa upande mmoja ukipewa machozi yote, na upande wa pili ukabaki mahema matupu, hapo pana mizani iliyoinamishwa, nasi tumezoea kuiita utata.

Hali ni hiyo hiyo katika toba ya Vader. Mwaka 1983 anamtupa Mfalme Palpatine, mtawala wa Dola, shimoni ili kumwokoa mwanawe, Luke, anakufa, na roho yake inatokea kando ya roho za Obi-Wan na Yoda, walimu wa Majedi. Hilo lingeweza kujadiliwa kama msamaha. Katika toleo la DVD la 2004, Lucas aliondoa sura ya mzee Sebastian Shaw akaweka ya kijana Hayden Christensen, aliyemcheza Anakin katika Attack of the Clones. Aliyesamehewa akarudishiwa uso wa ujana wake. Msamaha ule haukumwuliza mtu yeyote wa Alderaan, na sasa hata makunyanzi ya miaka ya uovu yamefutwa.

Mwaka 2015 tukampata Finn, anayechezwa na John Boyega: askari aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto, akalelewa kwa namba badala ya jina, na siku ya kwanza ya vita akakataa kuwapiga risasi wanakijiji. Nilidhani filamu za anga sasa zimefika penye kina. Muda mfupi baadaye Finn anawaua wenzake wa juzi kwa shangwe, na filamu hiyo hiyo inatuambia kwamba nao waliibwa wakiwa watoto. Hakuna anayesita, si yeye wala hadithi yenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kusita. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakulia vitani hadi akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo ya mashambulizi katika kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mei mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walikipunguza kifungo kwa sababu ya utoto ulioibwa, lakini hawakusema kwamba utoto huo unafuta waliouawa Lukodi. Waathirika zaidi ya 4,000 walishiriki katika kesi ile kupitia mawakili wao. Mtu anaweza kuukosoa uamuzi, na wapo Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, waliotaka njia nyingine, ya mapatano ya kimila. Hata hivyo chumba kile cha mahakama kiliweza kubeba mambo mawili kwa pamoja, mtoto aliyedhulumiwa na watu ambao mtoto huyo alikua akawadhulumu. Hadithi inayogharimu mamilioni ya dola haina udhuru wa kushindwa.

Na imewahi kuweza. Andor, mfululizo wa televisheni wa Star Wars wa Tony Gilroy, ulitoka kwa misimu miwili, 2022 na 2025. Humo Dola ni ofisi: vikao, ripoti, maofisa kama Dedra Meero wanaogombea vyeo. Dola inahitaji madini yaliyo chini ya ardhi ya sayari ya Ghorman, kwa hiyo inaandaa kwa utaratibu sababu ya kuwamaliza wenyeji. Kabla ya mauaji tunakaa na Waghorman kwa muda mrefu. Tunajua vitambaa wanavyofuma, tunasikia lugha yao, hoteli yao tunaingia, uwanja wao wa mji tunaukanyaga. Risasi zinapoanza, wanakuwa wakiimba wimbo wao wa taifa. Uwanja mmoja ukalia kuliko sayari nzima ya 1977. Na ni katika mfululizo huo huo ambamo waasi wanadanganya, wanaua watoa habari wao, wanatoana sadaka. Utata wa watenda haukupunguza hata chembe ya uwazi wa tendo.

Hata hapa lakini nina shauri na Gilroy. Luthen Rael, kiongozi wa siri wa waasi, anajua kwamba kikosi cha Anto Kreegyr kinaingia mtegoni, na anawaacha wafe ili asimfichue jasusi wake ndani ya Dola. Luthen anapewa hotuba ndefu kuhusu alivyoiteketeza nafsi yake kwa ajili ya uhuru atakaofaidi mwingine, na Stellan Skarsgård anaitoa kwa namna inayowafanya wanafunzi wangu waisikilize mara tatu. Shambulio lenyewe halionyeshwi. Habari ya kufa kwao inafika ofisini kwa maofisa wa Dola, na kazi inaendelea. Mwandishi aliyewapa Waghorman wimbo alikuwa na uwezo wa kuwapa watu wa Kreegyr usiku mmoja, wakisafisha silaha zao na kuzungumza juu ya makwao, ndipo tukaenda kumsikiliza Luthen. Nadhani hotuba ile ingekuwa nzito zaidi kuisikiliza, na wanafunzi wangu wangebishana vikali zaidi kama wampigie makofi au la.