Uliza Taji Lako Linashikwa na Nini

Msikilizaji, uwe Voi mjini, Mwatate, Wundanyi au Taveta, leo nina neno kwa yeyote anayejiandaa kuwekewa jino la kupandikiza, na kwa yule ambaye tayari analo.

Jino hili lina sehemu tatu. Kwanza ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya taya, nao mfupa huizunguka ukaishika barabara. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Pili ni kiungo kinachosimama juu ya skrubu hiyo. Tatu ni taji, yaani lile jino jeupe unalotafunia. Wengi huuliza bei ya skrubu na rangi ya taji. Wachache huuliza taji litashikwa na nini.

Mara nyingi hushikwa na saruji ya meno, utando mwembamba usioonekana. Utando huo ndio wenye kazi ngumu. Wewe unakunywa chai ya moto, unashushia maji baridi, unatafuna muwa na mahindi ya kuchoma, na mate hayakauki mdomoni. Kidogo kidogo unyevu hupenya na mshiko ukalegea. Ndiyo maana watafiti wanaopima saruji hulichovya taji kwa zamu katika maji ya nyuzi 5 na nyuzi 55 za selsiasi, maelfu ya mara. Mizunguko 10,000 hukadiriwa kuwa sawa na mwaka mmoja mdomoni. Saruji iliyong'ang'ania siku ya kwanza yaweza kudhoofika sana kabla ya jaribio kwisha.

Mkono wa daktari nao una sehemu yake. Taji la zirkonia, aina ya kauri ngumu, hupulizwa kwa ndani chembe laini za oksidi ya alumini, likasafishwa, kisha likapakwa dawa ya kushikisha. Mate yakiingia kabla ya saruji kuganda, hata saruji ya bei ghali haitadumu.

Lakini nguvu peke yake si kipimo. Saruji inayofurika ikabaki chini ya ufizi huleta uvimbe na usaha, na mwishowe mfupa huliwa. Mwaka 2009 Thomas Wilson wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 39: katika asilimia 81 ya meno ya kupandikiza yenye dalili za ugonjwa kulikuwa na mabaki ya saruji. Yalipoondolewa, dalili zilitoweka katika asilimia 74 ya meno yaliyotibiwa. Tena, skrubu ndogo ya ndani inayofunga kile kiungo ikilegea, taji lililogandishwa mno huenda likalazimika kukatwa.

Kwetu kaunti ya Taita Taveta, Kenya, jambo hili ni zito zaidi. Aliyekuwekea jino huenda yuko Mombasa, kilomita kama 150 kutoka Voi, au Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pale taya linaporuhusu, omba taji linalofungwa kwa skrubu, ambalo daktari mwingine anaweza kulifungua bila kulivunja. Ikibidi saruji, omba mabaki yaondolewe yote na picha ya eksirei ipigwe kabla hujaondoka.

Omba pia kadi yenye jina la kampuni ya kipandikizi, kipimo chake na aina ya saruji iliyotumika. Bila kadi hiyo, daktari wa karibu nawe atakuwa anabahatisha. Hakikisha kwamba anayekutibu ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Rudi kukaguliwa hata kama huumwi, kwa maana ugonjwa wa ufizi na mfupa kuzunguka jino hili mara nyingi huanza bila maumivu.

Na taji likitoka, lihifadhi kwenye kichupa safi ulipeleke kwa daktari. Tafadhali, usiligandishe mwenyewe kwa gundi ya dukani. Jino hili umelilipia kwa jasho lako. Dai maelezo yake yote kwa maandishi.