Shaba Ileile, Vipindi Viwili: Hoja ya Kuandaa Kemia na Baiolojia kwa Pamoja

Katika siku moja ya masomo, mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania huweza kuingia kwenye Kemia asubuhi na kwenye Baiolojia kabla ya chakula cha mchana, kila kipindi kikiwa na dakika 40, au 80 vikiunganishwa kwa ajili ya maabara. Mada hii inatetea jambo moja: walimu wa masomo hayo mawili waandae baadhi ya vipindi kwa pamoja. Sehemu kubwa ya tunachokiita ugumu wa sayansi ni maarifa yaliyokatwa vipande kabla hayajamfikia mwanafunzi. Sipendekezi masomo haya yageuzwe kuwa moja.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni jaribio la kutambua sukari katika chakula. Mwanafunzi huchanganya sampuli na kimiminika cha Benedict, akapasha moto, akaona buluu ikigeuka kijani, kisha njano, hatimaye mashapo mekundu ya rangi ya tofali. Anaandika kwamba sukari ipo, na somo la Baiolojia linaishia hapo. Lakini mashapo yale ni oksidi ya shaba, iliyopatikana baada ya ayoni za shaba kupokea elektroni kutoka kwenye sukari; ni kanuni ileile anayofundishwa kwenye Kemia kwa mifano ya metali peke yake. Sukari ya miwa nayo haionekani kwa jaribio hili mpaka ichemshwe kwanza na asidi, kisha iongezwe besi. Asidi huivunja kuwa glukosi na fruktosi. Besi huiondoa asidi iliyobaki, kwa kuwa kimiminika cha Benedict hufanya kazi katika hali ya besi. Aliyekariri hatua hizo bila sababu zake, akiisahau besi, ataona buluu na kuandika kwa imani kamili kwamba sukari haipo. Kosa hilo tunalihesabu kuwa la Baiolojia, ilhali mzizi wake uko kwenye kipindi cha asidi na besi.

Mfano wa muhogo mchungu una uzito zaidi, kwa sababu unagusa uhai wa watu. Wakati wa ukame wa miaka ya 1980, wilaya ya Tarime ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, ambao huwapata hasa watoto na wanawake. Chanzo chake ni ulaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, tena kwa watu wasiopata protini ya kutosha. Ndani ya seli ya muhogo, linamarini, kemikali inayozaa sumu, hukaa kwenye vakuoli, na kimeng'enya cha kuivunja hukaa kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukitwangwa, ukikunwa au ukivundikwa, viwili hivyo hukutana, na hatimaye hutoka haidrojeni saianidi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hutoroka hewani. Ndiyo maana kuanika vipande vikubwa juani bila kuvivundika hakutoshi: seli nyingi hubaki nzima. Mwili nao huhitaji salfa kutoka kwenye asidi amino ili kuidhoofisha sumu iliyosalia. Muundo wa seli, kimeng'enya, kiwango cha kuchemka, lishe: hakuna mwalimu mmoja kati ya hawa wawili anayeweza kulieleza jambo hili lote akibaki ndani ya mipaka ya somo lake. Wala halihitaji kushika sumu darasani. Utendaji wa vimeng'enya huonekana vizuri kwa kipande cha kiazi na haidrojeni peroksaidi.

Pingamizi la kwanza litahusu mtihani: Baraza la Mitihani hutahini kila somo peke yake. Ni kweli, lakini maswali ya vitendo hudai maelezo ya kilichotokea, na maelezo hayo ndiyo yanayokosekana. La pili, kwamba walimu ni wachache na wamelemewa, ni zito, na silipuuzi. Hata hivyo walimu wengi wa sayansi huandaliwa kufundisha masomo mawili, na Kemia na Baiolojia ni jozi ya kawaida. Mara nyingine mwalimu ni yuleyule, ila andalio lake la somo limegawanyika. Kuhusu uhaba wa kemikali, jaribio moja linalotumikia masomo mawili hupunguza gharama. Pingamizi gumu kuliko yote ni mpangilio wa mihtasari, kwani mada ya lishe huweza kufika kabla mwanafunzi hajajua habari za elektroni. Hapo mwalimu wa Baiolojia afundishe kinachoonekana, na mwalimu wa Kemia, zamu yake ikifika, alirudie jaribio lilelile badala ya kutafuta mfano mgeni.

Naiomba semina hii ikubaliane na hatua ndogo: kabla ya muhula ujao kufunguliwa, walimu wa Kemia na Baiolojia wa kila shule wakae na maazimio yao ya kazi mezani, wachague mada tatu, yaani utambuzi wa vyakula, vimeng'enya na upumuaji, na kwa kila mada waandike andalio moja la pamoja.