Homoni na Kipandauso: Maumivu Sugu ya Kichwa kwa Wanawake wa Mbulu na Hanang

Mada kwa watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya

1. Utangulizi



Mwanamke akifika zahanati analalamikia kichwa, kwanza tunampima malaria. Kipimo kikiwa hasi, anapewa panado na kuruhusiwa. Mwezi unaofuata amerudi na kichwa kilekile, na katika daftari lake hakuna palipoandikwa tarehe ya hedhi. Mada hii inadai kwamba tarehe hiyo ni sehemu ya uchunguzi.

2. Hali ilivyo

Kati ya Desemba 2003 na Juni 2004, utafiti uliofanyika nyumba kwa nyumba katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, ulihusisha watu 7,412. Asilimia 4.3 walikuwa na kipandauso, na wanawake waliathirika karibu mara tatu ya wanaume.

3. Homoni zinahusikaje

Kabla ya balehe, wavulana na wasichana hawapishani sana kwa kupata kipandauso. Tofauti huanza msichana anapovunja ungo. Kichocheo kikubwa ni estrojeni kushuka ghafla hedhi inapokaribia. Hapo mishipa ya fahamu ya kichwani huwa myepesi kuamka. Ndiyo maana kipandauso cha hedhi huja kati ya siku mbili kabla ya damu kutoka na siku tatu za mwanzo.

Mimba ikivuka miezi mitatu, estrojeni iko juu bila kuyumba, na wengi hupata nafuu. Mwanamke akijifungua, homoni hushuka na kichwa huweza kurudi. Umri wa kukoma hedhi ukikaribia, homoni huyumba na maumivu huzidi. Hedhi ikishakoma kabisa, wengi hupumua.

4. Tahadhari

Mgonjwa anayeona vimulimuli kabla ya kichwa kuanza asipewe vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa kuwa vinaongeza hatari ya kiharusi. Sindano na vijiti vyenye projestini pekee vinamfaa zaidi.

Panado ikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, yenyewe huzalisha maumivu ya kichwa.

Tusiisingizie homoni kila kitu. Mbulu ina tegu wa nguruwe, na mabuu yake hufika kwenye ubongo. Kichwa kinachoambatana na degedege kwa mtu mzima kinahitaji rufaa, si kalenda ya hedhi.

5. Mapendekezo

(a) Kila mwenye kichwa cha kujirudia aweke alama mbili kwenye kalenda kwa miezi mitatu: siku za hedhi na siku za maumivu.

(b) Alama zikikutana, aanze ibuprofeni mapema maumivu yanapoanza, baada ya kuulizwa kuhusu mimba na vidonda vya tumbo.

(c) Chumba cha uzazi wa mpango kiulize habari za kichwa kabla ya kutoa vidonge.

(d) Swali la hedhi liulizwe faraghani, mume au mama mkwe akiwa nje; mbele yao wengi hujibu "sijui".