Kelele za Ndege na Haki ya Kuulizwa Mapema



Mliponialika nizungumze juu ya viwanja vya ndege na haki za raia, nadhani wengi wenu mlitarajia habari za zabuni, za mikopo, na za nani amekula nini. Hayo yana wasemaji wake. Mimi nimekuja na jambo ambalo aghalabu huonekana dogo, nalo ni kelele. Mtu akitaka kulitwaa shamba lako hana budi kukuletea barua. Kelele humfikia mtu kitandani mwake bila barua wala hati ya mahakama, na asubuhi hakuna alama ukutani ya kumwonyesha hakimu.

Mwaka juzi niliitwa na wazazi wa shule moja ya msingi nihudhurie mkutano wa hadhara. Uwanja mdogo wa ndege ulio jirani nao ulikusudiwa kurefushwa ili upokee ndege kubwa. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu, zote kwa Kiingereza, na nakala moja tu ilikuwa mezani, mbele ya afisa aliyeegemeza kiwiko juu yake. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla hata ya sala ya kufungua mkutano. Mzee mmoja aliuliza ndege zitapita upande gani. Akajibiwa kwamba hilo ni la wataalamu. Mwalimu mkuu akauliza zitakuwa ngapi kwa siku. Akaambiwa swali lake litaandikwa. Saa saba tukapewa soda na mkate, na nauli ya shilingi mia tano. Baada ya majuma machache nikaisoma barua iliyosema kwamba umma umeshirikishwa kikamilifu. Ushahidi wake ulikuwa ile karatasi ya mahudhurio, na sahihi yangu mimi wakili ikiwa miongoni mwa sahihi zilizomo.

Ili tuone swali la yule mzee lina uzito gani, naomba tuende Japani, nchi iliyoyapitia haya kabla yetu na kuyalipia kwa gharama kubwa. Nitawaeleza viwanja viwili tu.

Wa kwanza ni Itami, karibu na jiji la Osaka, uwanja uliokaa katikati ya makazi ya watu. Mnamo Desemba 1969 wakazi wa mji wa Kawanishi, waliokuwa wakipitiwa na ndege za jeti juu ya mapaa yao, walikwenda mahakamani. Hawakudai uwanja ufungwe. Walidai usingizi, na fidia kwa miaka waliyokwisha kuupoteza. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Osaka iliwakubalia: ndege zisiruke wala kutua kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 16 Desemba 1981, miaka 12 tangu kesi ifunguliwe, Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo iliamua kwamba wakazi walipwe kwa madhara yaliyopita, lakini amri ya kuzuia ndege za usiku ikatupiliwa mbali, kwa hoja kwamba kesi ya madai haiwezi kuingilia mamlaka ya serikali juu ya usafiri wa anga. Kwa maneno mengine, raia alipewa fedha kwa usingizi wa jana, bali usingizi wa kesho ukabaki mikononi mwa wizara.

Mimi ni mwanasheria na nalipenda jengo la mahakama, lakini hukumu ile hunifanya nikiri udhaifu wa kazi yangu. Mahakama huja mwisho. Itami hufungwa saa tatu usiku hata leo, lakini saa hiyo inalindwa na mapatano yaliyotokana na mvutano wa wakazi na serikali, wala si na hukumu ya mwaka 1981. Na Wajapani walipotaka uwanja mwingine mkubwa wa Osaka, waliujenga juu ya kisiwa walichokitengeneza wenyewe baharini, ukafunguliwa mwaka 1994. Kujaza bahari kulionekana afadhali kuliko kugombana tena na majirani.

Wa pili ni Narita, unaohudumia Tokyo. Serikali ilikuwa imekusudia kwanza kuujenga Tomisato. Wakulima wa huko wakapinga. Basi tarehe 4 Julai 1966 baraza la mawaziri likaamua uhamie Sanrizuka, sehemu ya jirani, kwa sababu kipande kikubwa cha ardhi ya huko kilikuwa shamba la mifugo la familia ya kifalme, na ardhi ya kununua ingekuwa kidogo. Hesabu ya ardhi ilikuwa nzuri. Kilichosahauliwa ni watu. Baadhi yao walikuwa wamefyeka msitu ule kwa mikono baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, na hakuna aliyewauliza neno kabla ya uamuzi kutangazwa. Waliunda umoja wa kupinga uwanja, wakamchagua Issaku Tomura awe kiongozi wao, muuza zana za kilimo, mchonga sanamu, na Mkristo. Nawatajia imani yake kwa kuwa kuna wakati tunaambiwa na wakubwa kwamba mambo ya ardhi na mipango si ya watu wa kanisa.

Yaliyofuata yanasikitisha. Mwaka 1971 mashamba yalitwaliwa kwa nguvu. Watu walichimba mahandaki na kujikalisha humo, wengine wakajifunga minyororo kwenye miti. Tarehe 16 Septemba askari polisi 3 waliuawa katika mapambano, na mwezi uliofuata kijana mmoja wa upinzani alijiua. Tarehe 26 Machi 1978, siku chache kabla ya ufunguzi, wapinzani waliingia katika mnara wa kuongozea ndege wakavunja mitambo, na ufunguzi ukaahirishwa hadi tarehe 20 Mei. Siyataji haya kuyasifu. Damu haikumpa mkulima usingizi, wala haikumpa waziri uwanja aliouchora. Njia ya pili ya kurukia, iliyopangwa kuwa na mita 2,500, ilifunguliwa mwaka 2002 ikiwa na mita 2,180, maana mashamba ya waliokataa kuuza yalikuwa yangali palepale. Hadi mwaka 2015 kila aliyeingia uwanjani, hata aliyekuja kumpokea shangazi yake, alionyesha kitambulisho langoni.

Sasa nifikie sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii. Mnamo Novemba 1991, miaka 25 tangu lile tamko la baraza la mawaziri, serikali na kundi moja la wapinzani walikubali kuketi pamoja hadharani, mbele ya wasomi waliokubaliwa na pande zote. Makundi mengine yalikataa, na yalikuwa na sababu zao. Walikutana mara 15 hadi Mei 1993, na katika mikutano hiyo serikali ilikiri makosa yake na kuahidi kwamba haitatwaa tena ardhi kwa nguvu ili kumaliza uwanja ule. Wakaendelea na mikutano mingine 12 hadi Oktoba 1994. Mwaka 1995 Waziri Mkuu Murayama aliomba radhi. Mwaka huohuo ikaundwa kamati yenye wakazi ndani yake, kazi yake ikiwa kuchunguza kama ahadi zilizotolewa zinatimizwa. Kuhusu kelele, suala halikuwa tena hisani ya mkubwa, bali ahadi zilizoandikwa: madirisha yazuiayo sauti, kuhamishwa kwa waliotaka kuhama, na kufungwa kwa uwanja usiku. Hata hivyo sitaki mdhani kila kitu kilitengemaa. Mwezi Februari 2023 bado amri ya mahakama ilikuwa ikitekelezwa kuondoa mnara na vibanda vya wapinzani katika shamba moja. Mkutano uliocheleweshwa kwa miaka 25 hauwezi kumrudisha kila mtu mezani.

Mtaniuliza: wakazi wale waliwezaje kubishana na wataalamu? Walijifunza lugha yao, na si ngumu kama tunavyoaminishwa. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kelele ikipanda kwa desibeli 10, sikio huisikia kama imeongezeka maradufu, ilhali nguvu yake imezidi mara kumi. Kwa hiyo afisa akisema tofauti ni "desibeli 10 tu", lile neno "tu" ndilo la kushtakiwa. Jambo la pili ni wastani. Ramani za kelele huchorwa kwa kuchanganya ndege zote za mchana na usiku kuwa tarakimu moja ya wastani. Vipimo vilivyo bora huiongezea kila ndege ya jioni desibeli 5 na ya usiku 10, maana aliyelala huumia zaidi. Japani yenyewe ilianza kutumia kipimo cha namna hiyo mwaka 2013. Lakini wastani haumwamshi mtoto. Anayemwamsha ni ndege moja ya saa tisa usiku. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45, na za usiku zisizidi 40. Basi tunapoonyeshwa mstari juu ya ramani, nyumba hii ndani na ile nje, tuulize umechorwa kwa kipimo gani, na kwa hesabu ya ndege za mwaka upi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, lilikubali mwaka 2001 kwamba kelele ikabiliwe kwa njia nne: ndege zenye injini tulivu, mpango wa matumizi ya ardhi, namna ya kurusha na kutua, na mwisho kabisa kuweka mipaka ya safari. Hiyo ya pili ndiyo kidonda chetu. Uwanja wa Embakasi, ambao leo ni wa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau na kufunguliwa mwaka 1958 katika mbuga nje ya jiji. Jiji likaufuata huko. Viwanja viligawanywa, hati zikatolewa, na Novemba 2011 tingatinga zikaingia Syokimau huku wenye nyumba wakiwa na karatasi zao mikononi. Na mwaka 2024 habari za kukodisha uwanja huohuo kwa miaka 30 kwa kampuni ya Adani ya India zilitufikia kwa nyaraka zilizovuja, mpaka mpango ukasimamishwa na mahakama, na kufutwa mwezi Novemba.

Lakini sisi tunacho wasichokuwa nacho watu wa Kawanishi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Cha 69 kinaiamuru serikali kuhimiza umma kushiriki. Cha 70 kinakwenda mbali zaidi: mahakama yaweza kuzuia tendo kabla halijatendeka, na anayelalamika halazimiki kuthibitisha kwamba ameumia. Tena kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Mkutano mmoja wenye soda haujatimiza hesabu.

Kwa hiyo tulirudi kwa wale wazazi. Tuliandika barua kudai nakala ya ripoti, kisha ya pili, kisha ya tatu tukimnakili mdhibiti. Ripoti ilipokuja, walimu wawili na katekista waligawana sura wakatafsiri yaliyo muhimu, na muhtasari ukasomwa baada ya ibada kwa Jumapili tatu mfululizo. Sura ya kelele ilikuwa na kurasa nne. Kiambatisho cha mwisho kilikuwa na ramani ya njia za angani, ile ile ambayo mzee aliambiwa ni ya wataalamu. Sasa imebandikwa ukutani katika ukumbi wa kanisa. Mzee ameweka alama mbili kwa kalamu nyekundu, moja penye shule na ya pili penye zahanati, na zote ziko chini ya mstari. Mkutano wa pili umeitwa mwezi ujao. Safari hii wamekubaliana kwamba karatasi ya mahudhurio itasainiwa mwisho, na kwamba juu yake yataandikwa maswali yaliyokosa majibu.